Herufi Mbili Chini ya Kitenzi

Jumatatu, 4 Novemba

Leo bahati imeniangukia. Juzuu ya herufi P ya kamusi yetu inakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa ya wiki ijayo, na kidahizo cha paliti, yaani makala ya kitenzi hicho, hakina mwenyewe! Mzee aliyepewa kazi hiyo amestaafu, akatuachia karatasi tupu na kikombe chenye ukungu. Profesa Drahomíra Vašíčková, mhariri wetu mkuu, alitangaza hayo kwenye kikao cha asubuhi huku akimenya chungwa. Akauliza nani anakitaka. Nikanyoosha mkono. Mojmír Kudrna naye akanyoosha. Ana mikono mirefu, huyo.

Niandike wazi, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ninakitaka kitenzi hiki. Miaka ishirini na sita nimo katika kamusi hii ya asili ya maneno ya Kislavi, na nimepewa nini? Viunganishi. Vihusishi. Neno la kumfukuzia bata bukini. Kila kidahizo huishia na herufi mbili za jina la aliyekiandika, na herufi zangu, R.Z., yaani Radovan Zapletal, ziko chini ya vitu ambavyo hata mke wangu, alipokuwa bado mke wangu, hakuvisoma. Kitenzi kikubwa, kinachosemwa na mamilioni, sijawahi kupewa. Nina miaka hamsini na tatu. Orodha ya herufi R, juzuu inayofuata, imeshagawiwa: mimi nimepata ugonjwa mmoja wa kondoo.

Na paliti si mtoto wa jana! Ni mama wa ukoo. Hakuna mtu aliyewahi kumwona ameandikwa popote, ndiyo maana tunamwekea nyota mbele ya jina. Tumemjenga upya kutokana na watoto wake, yaani maneno ya lugha za leo. Na watoto wametapakaa. Kwa Wapoland anavuta sigara. Kwa Warusi anafyatua bunduki. Kwa Wabulgaria anawasha taa. Kwetu Moravia anachoma, na majira kama haya anapika pombe ya plamu. Mama mmoja!

Mojmír anasema tangu mwanzo alimaanisha kutia moto, basi, moto ni moto. Mimi nasema la. Nasema mwanzo kabisa ilikuwa kazi ya kufungua shamba jipya msituni, na moto uliingia baadaye kama chombo tu. Nimelisema hili tangu mwaka 2003. Wanalikataa kwa sababu hakuna lugha hata moja yenye maana hiyo. Pingamizi dogo sana.

Profesa akaamua: Jumatatu ijayo, saa nne, kila mmoja alete hoja zake. Atakayeshinda anakichukua. Akatuonya tusipige domo, kwa sababu siku hiyo ni ya Mtakatifu Martin na saa tano kamili mvinyo mpya unafunguliwa nchi nzima. "Na msitoane macho, mabwana," akasema. "Kitenzi kimoja, wanaume wawili, na mimi nimebakiza wiki sita nikapumzike."

Mojmír alinitakia kila la heri. Ana miaka thelathini na minne, huja kazini kwa baiskeli, humsaidia kila mtu. Watu wa aina hii ni hatari.

Jumanne, 5 Novemba

Mbinu ya kwanza: kumnyang'anya adui silaha. Nimefika kazini kabla ya mfagiaji. Nikavua viatu, nikavaa ndara zangu za ofisini, nikanyata mpaka chumba cha kadi. Kadi milioni mbili, droo za mbao, vumbi la enzi ya kaisari. Nikachomoa droo nzima ya paliti na wanawe, nikaisukuma chini ya meza yangu na kuifunika kwa koti.

Mojmír alikuja saa mbili. Hakwenda kwenye chumba cha kadi. Akaketi, akafungua kompyuta. Nikasubiri. Saa nne uvumilivu ukaniishia, nikamuuliza kama leo hana haja na kadi. Akasema zote zimepigwa picha tangu mwaka juzi, upande wa mbele, ziko mtandaoni, hata Wapoland wanazisoma. Akauliza kama ningependa anionyeshe namna ya kuzitafuta. Nikasema najua. Sijui.

Saa tano Profesa alikuja kuazima stepla, akajikwaa kwenye droo. Akauliza, "Radovan, hii ni nini?" Nikasema naegemeza miguu, daktari ameshauri. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akachukua stepla na kuondoka nayo.

Lakini! Droo ilipopinduka, kadi moja ilitoka nyuma kabisa, ilikokuwa imenasa. Nikaiokota. Nikaisoma. Nikaketi sakafuni.

Kijiji: Horní Škrabánov. Mwaka: 1988. Neno: ni mtoto halali wa paliti. Maana: "kufungua shamba jipya porini, hata bila moto." Hata bila moto! Miaka kumi na sita nimeambiwa kwamba nimetunga, na muda wote shahidi wangu alikuwa amelala ndani ya droo hatua nne kutoka kitini pangu.

Kadi imepigwa taipu, na jina la mkusanyaji halisomeki, kahawa imemwagikia hapo. Nani alikuwa? Mwanafunzi fulani, bila shaka, aliyepelekwa vijijini kiangazi kama sote tulivyopelekwa enzi zile, vijiji vingi hata majina yamenitoka. Lakini sikio gani! Subira gani! Alikaa na wakulima, akasubiri, akalidaka neno lilipopita. Vijana wa leo hawana moyo huo. Kama yu hai, ningempa mkono.

Mchana nilirudisha droo. Kadi nilibaki nayo.

Jumatano, 6 Novemba

Kadi moja haitoshi. Profesa husema kila siku kwamba shahidi mmoja ni uvumi. Nikapiga simu Škrabánov. Akapokea mtu mwenye sauti ya pipa tupu, jina lake Alois, mkuu wa mtambo wa kupikia pombe ya plamu. Nikamuuliza kama yuko mzee yeyote aliyebaki wa miaka ile. Akasema yupo mama mkwe wake, Bibi Rozálie, miaka themanini na tisa. Masikio mazima, mdomo mzima zaidi. Ila kesho ni zamu yao ya kupika, kwa hiyo nimkute mtamboni. "Na njoo na kuni," akasema. "Hapa hatuingii mikono mitupu."

Anayekwenda kuwasaili wazee lazima awe na zawadi. Kabatini nina boksi la chokoleti nililopewa na Mojmír siku ya mtakatifu wa jina langu. Limefungwa vizuri, na utepe wake. Sasa chokoleti za Mojmír zitamwangusha Mojmír. Nilicheka peke yangu mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nikamwambia Profesa kesho nina miadi kwa daktari wa meno. Mojmír akasikia. Akaniletea mafuta ya karafuu ndani ya chupa ndogo, akaniandikia na namba ya daktari wake, ambaye ana mkono mwepesi. Ikanibidi nishike shavu siku nzima. Jioni likaanza kuuma kweli.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika ndani ya basi. Mwandiko unapanda mlima, si kosa langu.

Škrabánov ni nyumba thelathini, kanisa, na mtambo. Ukoo mzima ulikuwa mtamboni, wameuzunguka kama mgonjwa wao. Mapipa ya plamu zilizochachuka. Moto. Shaba inayong'aa. Alois mlangoni, aproni ya ngozi.

"Kuni umeleta?"

Nikamwonyesha chokoleti.

"Haziwaki vizuri hizo," akasema, akanipisha.

Sheria ya pale ni moja: anayeingia anaonja ile ya kwanza inayotoka, ya moto, isiyopunguzwa kitu. Nikasema niko kazini. Alois akasema hata yeye yuko kazini. Nikaonja. Macho yalirudi yenyewe.

Bibi Rozálie alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Nikaweka kinasa sauti juu ya pipa. Nikamweleza heshima ya kazi yetu: kwamba tunalitafuta neno la Waslavi wa kale, neno ambalo hakuna aliye hai aliyelisikia na hakuna aliyekufa aliyeliandika.

"Hakuna hata mmoja?"

Nikasema hakuna.

"Sasa nyie mlilijuaje?"

Nikasema kutokana na watoto wake.

"Yaani mama hamjamwona, baba hamumjui, mmekamata watoto wa watu mnawauliza." Akawageukia wenzake. "Hapa kwetu kazi hiyo wanaifanya wambea, na hakuna anayewapa shahada ya udaktari."

Wakacheka mpaka moto ukasahauliwa. Nilijikaza. Mwanasayansi huvumilia.

Nikamuuliza, kufungua shamba jipya wanakuitaje. Akasema wanakuita kufungua shamba jipya. Nikamuuliza, na zamani je? Akasema zamani hawakuwa wanafungua, yalishafunguliwa na babu zao, nao hawakueleza. Nikamdokeza neno langu. Kidogo tu. Akasema neno hilo analijua, ndiyo kazi wanayofanya hapa leo, hii ya plamu. Nikasema ndiyo, lakini la shamba? Akasema, plamu zinatoka shambani. Nikamdokeza tena. Alois akanijazia kikombe. Nikamdokeza tena.

Mwisho bibi akanishika mkono. "Bwana daktari, mwanangu, nakuona unavyoteseka. Unataka nisemeje?"

Nikasema aseme tu kama ni kweli.

"Ukimaliza hicho kikombe itakuwa kweli."

Nikakimaliza. Akasema! Akasema kwa sauti kubwa, mdomo karibu na kinasa: zamani walisema paliti shamba, naam, hata bila moto, kila mtu alisema, hata padri. Nilimbusu mkono. Nililia, niandike bila kuficha. Wanawake walinipa kipande cha mkate wenye mafuta ya nguruwe na kitunguu ili nitulie.

Basi la saa tisa nililikosa. Alois alinipeleka kituoni kwa trekta. Njiani alisema mimi ni mgeni mzuri kuliko wote waliowahi kuja kutoka chuo. Nikamuuliza kama walikuja wengi. Akasema, kuna kiangazi fulani walikuja wanafunzi watano, zamani, wakakaa wiki nzima baani, na hakuna aliyemuuliza mtu kitu. Nikasema vijana wa siku hizi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kichwa. Ee Mungu, kichwa!

Nimesikiliza mkanda. Dakika arobaini na moja. Jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa kazi hii, kabla hajafundishwa kushika kalamu, ni kwamba usimtajie msailiwa neno unalolitafuta. Msubiri alitoe mwenyewe. Ukilitaja, umelitia mdomoni mwake, na ushahidi wako ni mavi ya kuku. Nimehesabu. Nimelitaja mara tisa. Mara ya saba niliimba.

Lakini mara ya kumi ni yeye aliyesema! Sauti yake mwenyewe, meno yake mwenyewe yaliyobaki. Sekunde nne safi kabisa. Hizo zingine ni mazungumzo ya adabu tu, kuzoeana.

Tatizo: kukata sekunde nne kutoka katika dakika arobaini na moja. Sijui programu hizo. Ikanibidi nimwombe Mojmír, nikamwambia ni sauti ya mama yangu mdogo. Akanionyesha pale pale, kwa upole, akanipa na spika zake za masikio. Hakusikiliza. Hata hakuuliza. Angeuliza ningemheshimu zaidi. Mafaili mawili sasa yako kwenye kompyuta yangu, refu na fupi, majina yanafanana. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Akauliza jino linaendeleaje. Nikasema jino gani.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeandika kidahizo chote. Kurasa kumi na nne, kamusi huruhusu mbili. Hakuna cha kupunguza. Mwishoni nikaandika R.Z., nikasogeza kiti nyuma, nikazitazama. Zinakaa vizuri chini ya kitenzi. Chini ya neno la bata zilikuwa zinaonekana kama ajali.

Nimeitia kadi ya Škrabánov kwenye fremu yenye kioo, ile iliyokuwa na picha ya harusi. Kesho nitaiweka mezani kabla sijafungua mdomo. Watu wataona kwanza, watasikia baadaye.

Jumatatu, 11 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne kamili. Profesa, Mojmír, mimi, na watu saba wa idara waliokuja kwa ajili ya mvinyo. Chupa tatu dirishani, mdomo wa kila moja umeelekezwa kwangu. Harufu ya bata bukini wa sikukuu ghorofa nzima.

Mojmír aliongea dakika sita. Moto, jamaa zake, mwali, ndimi zake katika lugha kumi na mbili, asanteni. Aliketi. Nikaona huruma, jinsi hoja zake zilivyokuwa kavu.

Nikasimama. Nikaweka fremu mezani. Minong'ono! Nikaeleza msitu, shoka, Waslavi wa kwanza wakitazama jua likigusa ardhi mpya. Nikaona jicho la Profesa linalegea. Nikasema kwamba wenye shaka wamsikilize sasa shahidi aliye hai. Nikabonyeza.

Nikabonyeza lile refu.

Chumba kizima kikanisikia nikisema, "Bibi, kwa mfano, paliti?" Kikamsikia Bibi Rozálie akikataa. Kikanisikia tena. Nilitafuta pa kuizimia sauti, kipanya cha kompyuta kikaanguka chini ya meza, nikapiga magoti kukitafuta, na nilipokuwa huko chini nikajisikia mimi mwenyewe juu ya meza nikiimba. Mtu akacheka. Kisha akaja yule bibi na, "Ukimaliza hicho kikombe itakuwa kweli," na hapo wakacheka wote. Mojmír ndiye aliyeizima. Hakucheka. Sitamsahau kwa hilo.

Sikukata tamaa! Nikainuka, nikajipangusa magoti. Nikasema sawa, mkanda una kasoro zake, uacheni. Lakini kadi? Kadi haikuonja kitu. Kadi ni ya mwaka 1988, imeandikwa na mtu asiyenijua, asiyejua nadharia yangu, mtu aliyeketi na wakulima na kusikiliza. Je, huyo naye nilimtia neno mdomoni?

Nilikuwa nimewapata. Profesa mwenyewe aliinama kuitazama.

Mojmír akasema hajawahi kuiona kadi hii mtandaoni, inapendeza sana, na ikithibitishwa yeye ataondoa hoja yake. Alimaanisha. Akauliza tu kama nimetazama nyuma, kwa sababu miaka ile karatasi ilikuwa adimu, wanafunzi walikata kadi kutoka karatasi zilizokwisha andikwa, na pengine jina la mkusanyaji liko huko.

Nikasema wazo zuri. Nilivunja ukucha nikiifungua ile fremu. Mimi mwenyewe. Nikampa kadi, na nikamwambia asome kwa sauti, wote wasikie jina la mtu huyo hodari.

Akaanza kusoma kabla hajajua anasoma nini.

"Jitka mpenzi, hapa Škrabánov nachoka mpaka kwenye mifupa. Wanataka kadi arobaini kila mtu. Ninazo thelathini na tisa, nyingi nimenakili kwa Ladislav. Ya arobaini nitaitunga tu, nani ataisoma? Mvua inanyesha. Nikirudi nataka kukuuliza jambo moja muhimu. Wako, Ra..."

Hapo mkasi ulikata. Herufi mbili zilitosha. Watu wa hapa wanalijua jina la aliyekuwa mke wangu.

Mojmír akawa mwekundu, akaigeuza kadi taratibu kana kwamba upande wa mbele ungesaidia. Mimi niliitambua barua yangu kabla ya sentensi ya pili. Nikakumbuka meza, dirisha, mvua, hata nzi. Nilitaka kusema kitu cha kisayansi. Niliona aibu, aibu ya mtoto aliyejikojolea darasani.

Profesa Drahomíra akavua miwani. Akasema kiangazi kile yeye ndiye aliyesahihisha kadi zetu. "Nilikupa alama ya juu kabisa, Radovan. Hasa kwa hii."

Saa ya kanisa ikagonga tano. Mtu akafungua chupa, kwa kuwa lazima ifunguliwe saa tano. Wakaninywesha na mimi. Kila mtu alinipa nyama ya paja la bata.

Jumanne, 12 Novemba

Sijaenda kazini. Jino.

Nimempigia simu Jitka, baada ya miaka minne. Nikamwambia imepatikana barua niliyomwandikia mwaka 1988 nikasahau kuituma. Akauliza ilisemaje. Nikamsomea, isipokuwa sehemu ya kadi thelathini na tisa. Akauliza iliandikwa kwenye nini. Nikamweleza. Akauliza ule upande mwingine una nini. Nikasema kitenzi. Akasema, "Ndivyo nilivyodhani," na akanitakia afya.

Nimeandaa barua ya kujiuzulu. Mistari mitatu. Ikafika kurasa tano. Nimeiweka kando niipunguze.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeipunguza ikafika sita.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilikwenda kuikabidhi. Profesa alikuwa mezani na prufu za mwisho, kalamu nyekundu sikioni. Kabla sijafungua mdomo akanisukumia karatasi moja. "Kaa. Soma. Kama kuna kosa sema sasa, kesho wanachapa."

Ukurasa wa paliti. Safi, mfupi, moto mwanzo mpaka mwisho. Wapoland wanavuta, Warusi wanafyatua, sisi tunapika. Mwishoni, M.K. Nilisoma mpaka mwisho. Ni kidahizo kizuri. Kiasi cha kuchukiza.

Kisha nikaona tanbihi. Chini kabisa, herufi ndogo. Inasema kwamba maana ya "kufungua shamba jipya", iliyoko katika kadi moja ya Horní Škrabánov ya mwaka 1988, haikuwahi kuwapo, na msomaji asiitumie; kadi ilitungwa na mkusanyaji (R.Z.).

Profesa akasema hakuwa na njia nyingine. Kadi ishapata namba, watu watakuja baada yetu, mmoja wao angeiokota na kupotea miaka kumi na sita. Akasema anasikitika. Akasema kama nataka, ataomba kuondoa herufi, aache "mkusanyaji" peke yake. Akaitazama bahasha yangu ya kujiuzulu, akangoja.

Nikasoma tena. Polepole.

R.Z. Ukurasa wa paliti. Kitenzi kikubwa, cha mamilioni!

Nikamwambia asiguse kitu. Nikaazima rula yake. Herufi zangu ziko chini kuliko za Mojmír, sentimita mbili nzima. Anayesoma kwa uangalifu, kutoka juu mpaka chini, jina la mwisho kukutana nalo ni langu. Na M.K. yuko nje, wazi, kama kila mtu. Mimi niko ndani ya mabano, nimewekewa ulinzi. Nikamweleza Profesa haya yote. Akakaa na mkono mdomoni. Nadhani aliguswa.

Bahasha niliitia mfukoni. Nikaomba nakala kumi na mbili za ukurasa huo. Moja ya Jitka. Moja ya Bibi Rozálie, na kijiji chao kimetajwa kwa jina, waitundike mtamboni. Mojmír alinisaidia kuzikunja, akasema amefurahi kuniona nimechangamka. Maskini, hajui kilichompata.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu. Kidahizo halali: miaka mitatu ya kazi, ugomvi, na mwishowe wanampa mwingine. Kadi moja: alasiri moja ya mvua. Na orodha ya R ina vitenzi vikubwa vinne, vyote vya Mojmír, na kila kimoja kina nafasi ya kutosha chini ya ukurasa.

Nimekuja na kadi tupu chache kutoka kabati la vifaa. Nimechemsha chai nzito, nikaimimina kwenye sinia, nikazamisha ya kwanza dakika nane, nikaianika juu ya kipasha joto cha jikoni. Sasa imekauka. Imetoka na rangi nzuri kabisa ya mwaka 1961.